Bakuli la Maji Kando ya Kinu

Jina la Bi Somoe nililisikia redioni, katika matangazo ya vifo ya asubuhi, na jambo la kwanza nililofanya ni kuyatilia shaka masikio yangu. Nilijiambia kwamba kijiji kama Nambilanje hakiwezi kukosa akina Somoe wengine. Nikajiambia pia kwamba hata kama ni yeye, miaka zaidi ya arobaini imepita, na mtu aliyefanya naye kazi kwa mwaka mmoja si lazima aende kumzika. Kisha nikajiuliza: kama si lazima, kwa nini nimemimina chai mpaka imefurika kwenye sahani? Nilitumia siku nne kuamua kama ninastahili kwenda. Siku ya tano nikawa nimepata jibu, na marehemu alikuwa amekwisha kulala kaburini. Ndivyo nilivyo tangu ujana wangu. Mambo mengi ya maisha yangu nimeyafikia yakiwa yamekwisha kuzikwa.

Nikaenda kwenye arobaini. Walinikalisha kwenye mkeka barazani pamoja na wazee wenzangu, na baada ya hitima mjukuu wa marehemu, msichana mrefu aitwaye Mwanahawa, akatuletea chai. Birika lilikuwa la bati, limebonyea ubavuni, la kawaida kabisa isipokuwa kifuniko chake. Juu ya kifuniko palifungwa kwa skrubu kirungu cheusi cha duara, ukubwa wa ndimu, kinachong'aa kwa kushikwashikwa. Wazee walikuwa wakizungumza juu ya bei ya ufuta. Mimi nilikuwa nikikitazama kirungu kile, nikitafuta ufa, kwa kuwa nilikuwa nimekileta mwenyewe katika nyumba ile, na pamoja nacho nilileta uongo wa neno moja.

Mwaka huo ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuoni Uganda na cheti cha sayansi ambacho nilikifunga ndani ya mifuko miwili ya nguo, mmoja ndani ya mwingine, nikiogopa mchwa. Nachingwea wakati ule ilikuwa mji uliojengwa haraka kwa ajili ya karanga: barabara pana kuliko magari yake, nyumba za bati zilizopangwa mistari, na matrekta mengi yamesimama yakingoja vipuri. Nilipata chumba katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Kitanda kilikuwa cha kamba, meza ilikuwa sanduku lililogeuzwa, na ukuta kati yangu na jirani ulikuwa bati moja tu, hivi kwamba nilijua jirani amekula nini kabla hajanawa mikono. Jirani huyo alikuwa fundi Chande, mwendesha mashine katika karakana niliyoajiriwa. Juma la kwanza nilimsikia akimwambia mkewe, "Huyo msomi wa hapa pembeni anahesabu hata punje za wali. Nimemwona." Mkewe akacheka, akasema, "Labda ni chache." Nililala nikijiuliza kama kweli huwa nahesabu. Kesho yake nikajikuta nahesabu.

Karakana yetu ilikuwa ndogo, ya Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pima, kwa sababu neno lake kubwa lilikuwa "pima tena". Ilitengeneza vitu vya bakelaiti, hasa virungu, yaani vile vichwa vya duara vinavyovikwa juu ya wenzo wa gia ya trekta. Bakelaiti ni plastiki ya zamani, nyeusi, ngumu, haiyeyuki tena ikishashika. Tulikuwa tukipokea unga wa gundi kutoka Ulaya, tunautia ndani ya kalibu ya chuma iliyopashwa moto, Chande anaikandamiza kwa mashine, na baada ya muda kirungu kinatoka kikinuka kama wodi ya hospitali. Gundi yenyewe peke yake huwa dhaifu, inavunjika kama kigae. Lazima ichanganywe na unga wa kitu kingine ili ishikane. Ulaya hutumia unga wa mbao. Bwana Pima aliangalia nje akaona milima ya maganda ya karanga, akasema tutatumia hayo. Kazi yangu ilikuwa kujua maganda hayo yasagwe kwa ulaini gani na yatiwe kiasi gani ili kirungu kiwe imara.

Maganda yalitwangwa na Bi Somoe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ametoka Nambilanje, anakaa kwa shangazi yake hapo Nachingwea. Alitwanga kwa kinu na mchi chini ya kibanda cha makuti nyuma ya karakana, akapepeta kwa ungo, kisha akachekecha kwa machekeche matatu ya waya niliyompa, yenye matundu makubwa, ya kati na madogo. Mimi nilichanganya, Chande akakandamiza vipande virefu kama kidole, nami nikavivunja. Niliweka kipande juu ya matofali mawili, nikatundika ndoo katikati, nikamimina mchanga kwa kikombe mpaka kipande kikatike, kisha nikaipima ndoo. Nilifanya hivyo kutwa. Chande alikuwa akipita akisema, "Msomi, siku moja kipime na kichwa chako, tuone kitabeba ndoo ngapi."

Mwezi mzima sikuelewa kwa nini vipande vya unga mkubwa vilikatika mapema. Nilidhani kitu kigumu na kikubwa kingeongeza nguvu. Niliandika maelezo, nikayafuta, nikayaandika tena. Siku moja Bi Somoe alikuja kuchukua magunia, akaniona nimeshika kipande kilichovunjika, nakitazama kwa kioo cha kukuzia. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia.

"Hujawahi kukandika nyumba wewe," akasema.

"Sijawahi."

"Udongo wa kukandika ukiuacha na changarawe kubwa, ukuta ukikauka unapasuka palepale penye jiwe. Ufa unaanzia hapo, unalizunguka jiwe, unaendelea na safari. Ukiwa na mchanga mwembamba, ufa unakosa njia. Lakini mchanga nao ukizidi, udongo haushiki, unamomonyoka. Kila mtu anajua."

Nilitazama tena kwa kioo. Ufa ulikuwa umeizunguka chembe ya ganda kama mtu anavyozunguka kisiki. Tukapunguza ukubwa wa chembe, na uzito wa ndoo ukaongezeka. Tukaongeza kiasi cha unga kidogo kidogo mpaka tukafika mahali ambapo gundi haikutosha tena kuzilowesha chembe zote, na vipande vikaanza kumeguka kama ugali uliokosa maji. Tukarudi nyuma hatua moja, tukasimama hapo. Bwana Pima alisoma ripoti yangu akasema "nzuri" mara mbili. Katika ripoti hiyo hapakuwa na neno kuhusu ukuta wa nyumba, wala jina la mtu aliyewahi kukandika ukuta. Nilifikiri sana kama niliandike. Nikaona halifai katika maandishi ya kisayansi. Leo naona kwamba hapo ndipo ufa ulipoanzia.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwanzo wa kiangazi. Maganda yalikuwa makavu, upepo unavuma, na vumbi la kinuni lilijaa kibandani kama moshi. Mimi nilikuwa nikifunga, na tangu siku ya kwanza nilianza kusumbuka: je, harufu ya gundi inayonijaa puani inaharibu saumu? Na vumbi la maganda ninapopima? Nilikuwa nikitema mate mpaka mdomo ukakauka. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nilimfuata Mwalimu Saidi aliyekuwa akifundisha watoto Kurani msikitini karibu na soko, nikamweleza kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akasema, "Vumbi la njiani, moshi wa jikoni, unga wa mtu anayechekecha, vyote hivyo mtu hawezi kujikinga navyo. Havifunguzi saumu. Kafanye kazi yako, kijana, na punguza kujitesa." Nilirudi nimefarijika hata nikasikia njaa. Jioni ile shangazi yake Bi Somoe alituletea futari ya ming'oko, vile viazi vya porini, na uji wa mtama, na tuliila karakana nzima, Bi Somoe upande wa wanawake, mimi na Chande upande huu. Palikuwa na hatua labda kumi kati yangu naye. Sikuwaza hata kidogo kwamba katika karakana ile kulikuwa na mtu mwingine anayemeza vumbi kuliko mimi.

Wiki ya pili vipande vilianza kudhoofika. Uzito wa ndoo ulishuka kwa robo, kisha kwa theluthi. Ndani ya vipande vilivyovunjika niliona vipovu vidogo kama vya mkate, na juu ya virungu yakatokea malengelenge. Nilishuku mizani. Nilishuku moto wa kalibu. Nilishuku gundi mpya, kisha nikamshuku Chande, kisha nikajishuku mwenyewe, na huko nikakaa siku tatu kwa sababu ndiko nilikozoea. Baada ya Idi angekuja mtu wa matrekta kuvikagua virungu, na Bwana Pima alikuwa hana subira tena. "Mimi hapana taka hadithi," aliniambia. "Mimi taka sababu."

Asubuhi moja nilifungua debe la unga wa Bi Somoe, nikaupitisha mwenyewe kwenye chekeche la matundu madogo. Juu ya waya yakabaki madonge. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimepata kitu cha kuandika. Chembe kubwa zilikuwa zimo katika unga, kwa hiyo unga haukuchekechwa vizuri, kwa hiyo ufa ulikuwa na mahali pa kuanzia. Kila kitu kilifuatana. Vile vipovu havikuingia katika maelezo yangu, nikaviacha. Laiti ningelichukua donge moja tu nikalifikicha kwa vidole! Niliandika mstari mmoja: unga wa mwezi huu haukuchekechwa ipasavyo.

Bwana Pima alimwita Bi Somoe uwanjani, mbele ya watu wote, akiwa na karatasi yangu mkononi. "Wewe funga, wewe choka, wewe vivu," alisema. "Hapana chekecha. Kwisha."

Bi Somoe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Nimechekecha, mdogo wangu," akasema. "Kila siku, mara mbili. Wewe unanijua. Mwambie."

Ningeweza kusema kwamba nilikuwa nikitafuta maneno, na ni kweli, nilikuwa nikiyatafuta. Niliyatafuta mpaka akaokota ungo wake, akaupangusa, akaondoka. Jioni, kupitia ukuta wa bati, nilimsikia Chande akimwambia mkewe, bila utani wowote safari hii, "Amelipasua jina la mtu kwa kalamu. Huko kwao watasema amefukuzwa kwa uvivu, tena mwezi wa toba." Mkewe akasema, "Shiii, anasikia." Chande akajibu, "Asikie." Futari yangu ilipoa juu ya sanduku, nikaifunika na sahani.

Siku iliyofuata hapakuwa na wa kutwanga, na unga ulitakiwa. Nikaenda kibandani mwenyewe, nikashika mchi. Sikutwanga mara kumi vumbi likaniingia puani na kooni, kavu, chungu, likanikaba. Nilijua jibu la Mwalimu Saidi, nililijua kwa moyo, lakini mwili haukungoja jibu. Mkono wangu ulitoka wenyewe kutafuta kitu cha kulituliza vumbi lile, ukagonga bakuli la bati kando ya kinu. Lilikuwa na maji. Nilikuwa nikiliona pale tangu mwanzo wa mwezi, na nilidhani ni la kutawadhia. Vidole vyangu vilikuwa tayari ndani ya maji, tayari kunyunyiza maganda, kama mwanamke yeyote wa huku anavyonyunyiza mahindi anapokoboa. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilibaki nimeinama, vidole vinadondosha.

Bi Somoe alikuwa akinyunyiza maji ili vumbi lisimharibie saumu. Unga wenye unyevu aliuchekecha vizuri kabisa, mara mbili kama alivyosema, akaufunika debeni, na usiku ukashikana ukawa madonge. Katika kalibu ya moto maji yale yaligeuka mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea, ukawa vipovu, na gundi haikuzishika chembe. Nilikimbia kuleta donge, nikalifikicha. Lilikuwa unga laini mtupu. Nilitandaza unga juu ya bati juani, nikaukausha tena karibu na kalibu, na vipande vya siku ile vikabeba ndoo kama zamani.

Nilimwambia Bwana Pima kwamba ulikuwa unyevu. Nilimwambia pia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia sawasawa, kwamba yule mama alikuwa amechekecha. Akauliza, "Lakini maji, nani tia?" Nikaanza kuipangusa mizani. "Basi," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Mtu wa matrekta alikuja, akaridhika, akachukua virungu vyake. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha shughuli za karanga zilipungua, na karakana ikafungwa. Mstari wangu mmoja ulifanya kazi kwa muda mrefu kuliko mashine zote zilizokuwa mle.

Wiki moja baada ya Idi nilipanda lori mpaka Ruangwa, nikaendelea kwa miguu mpaka Nambilanje. Mfukoni nilikuwa na kirungu kimoja, kutoka katika ule unga niliotwanga mwenyewe. Njia nzima nilirudia maneno ya kuomba radhi, nikiyapanga na kuyapangua. Bi Somoe alinipokea bila kunung'unika. Alinipa kigoda, maji ya kunawa, ming'oko na chai. Jirani zake wawili walipita wakatusalimia, na mmoja akasema kwa kicheko, "Ndio hao wa Nachingwea waliokuchoka?" Bi Somoe akamjibu, "Pita, mama, njia ni pana."

Nikaanza kueleza. Nilieleza unyevu, mvuke, vipovu, namna gundi inavyoshika na inavyoshindwa. Alisikiliza akimenya ming'oko. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nilikosa?"

"Maji ndiyo yaliyoharibu, Bi Somoe."

"Sikuuliza maji. Nimeuliza mimi."

"Hukujua," nikasema. Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa neno la woga. Nikaona nimpe angalau kitu cha kumfariji, nikamwambia kwamba vumbi la kinuni halifunguzi, kwamba Mwalimu Saidi ndivyo alivyosema, kwamba hapakuwa na haja ya maji tangu mwanzo.

Akaacha kumenya. "Siku mbili za mwanzo vumbi lilinishuka kooni, nikasema saumu zangu zimekwenda. Siku ya tatu jioni nikaleta bakuli. Zile mbili nimekwisha kuzilipa juzi." Akapangusa vidole. "Mwalimu alikwambia lini?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba swali lile ndilo lililonileta. Siku ya tatu jioni. Jioni ileile aliyoleta bakuli, mimi nilikuwa nimeketi hatua kumi kutoka kwake na jibu mdomoni, natafuna.

"Juzi," nikasema. "Baada ya Idi."

Alinitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akakichukua kirungu nilichokuwa nimekiweka juu ya mkeka, akakizungusha mkononi. "Hiki kina maji?"

"Hakina."

"Basi kitadumu," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Baadaye nikawa mwalimu wa sayansi, na kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba kitu kilichochanganywa hupata nguvu au udhaifu wake pale chembe na gundi zinapokutana. Walidhani nasema plastiki, nami nilikuwa nikisema plastiki. Sikurudi tena Nambilanje. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila Ramadhani, ikifika siku ya tatu, niliifunika futari yangu bila kuimaliza.

Sasa wazee walikuwa wameinuka kwenda kusali, na mimi nimebaki barazani. Mwanahawa alikuja kukusanya vikombe. Nikamuuliza kama anajua kirungu kile kilikotoka.

"Cha karakana ya Nachingwea," akasema. "Hili ni birika la tatu. Mengine yalitoboka, Bibi akakihamisha." Akautazama mkeka. "Ndiwe yule wa karakana?"

"Ndiye mimi."

"Bibi alituachia maneno. Alisema yule kijana akija siku yoyote, apewe chai, na asiulizwe kitu."

Nilifikiria soko la Nachingwea, msikiti kando yake, na jinsi ilivyokuwa rahisi kwa mwanamke anayekuja kuuza kunde kumsalimia Mwalimu Saidi na kumuuliza ni lini yule kijana wa karakana alimwendea. Nilifikiria miaka yote aliyokishika kirungu kile kila asubuhi. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilisema jambo kabla sijamaliza kulifikiri.

"Ilikuwa siku ya tatu," nikamwambia. "Mwalimu aliniambia siku ya tatu ya mfungo. Si juzi. Nilimdanganya."

Mwanahawa aliinama, akanijazia kikombe, akakirudisha kifuniko mahali pake kwa ncha za vidole viwili.

"Tunajua, babu," akasema. "Kunywa, inapoa."